Sauti Yangu, Uso wa Sekela

Tulimzika Mwalimu Ambokile kule Lufingo, nyuma ya nyumba yake, pembeni mwa migomba, na mvua haikukatika tangu sala ya kwanza hadi watu walipoanza kutafuta viatu vyao kwenye tope. Ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa kwaya tulipokuwa wasichana. Mimi nilikuwa jikoni na kina mama wengine, tunamenya ndizi za kupikia waombolezaji, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu, pale Sekela alipoinama kuingia mlangoni akikung'uta mwavuli. Alikuwa amesafiri kutoka Dodoma. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Alinikumbatia hivyo hivyo na utomvu wangu, akalia kidogo begani kwangu, kisha akaketi kwenye kigoda na kuomba kisu. Mama mmoja aliyekuwa akikoleza moto akamtazama, akanitazama, akaniuliza kwa upole tu, "Huyu ndiye mdogo wako wa mwisho?" Wengine wakacheka, nami nikacheka nao. Sekela amenizidi miaka miwili.

Moshi ulipotuzidi tulitoka nje, tukakaa kwenye benchi chini ya ukingo wa bati. Kwa karibu ndipo nilipomwona vizuri. Kwenye kona za macho, pale ambapo mimi nina mistari kama ya karatasi iliyokunjwa ikakunjuliwa, yeye hakuwa na kitu. Paji la uso lilikuwa limetulia. Mvi alikuwa nazo, hakuzificha, lakini chini ya mvi zile kulikuwa na uso ninaoufahamu, kana kwamba umewekwa mahali pakavu muda wote huu. Hakungoja nimuulize. "Ni dawa ile ile, Tumpe," alisema. "Nimeiacha nilipokuwa na mimba tu na kunyonyesha. Sasa chunusi hamna, lakini daktari bado ananiandikia, kwa ajili ya makunyanzi. Kila jioni, kiasi cha punje ya njegere." Akaniuliza kama mimi naendelea nayo. Nikamwambia niliiacha nilipopata mimba ya mwanangu wa kwanza na sikuirudia. Akatikisa kichwa, akanishika mkono, akasema bado ninapendeza. Nilikuwa nimedhani wivu nao huzeeka kama mwili, unapungua nguvu, unaanza kusahau majina. Wangu ulikuwa umekaa tu mahali pake, mzima wa afya, ukinisubiri.

Mwaka ninaotaka kuusimulia tulikuwa tukiishi chumba kimoja, Msasani, hapa hapa Tukuyu, kwenye nyumba ya Mama Zuhura. Mama Zuhura alikuwa na duka la vitenge upande wa barabarani, na kwenye baraza la duka aliweka vyerehani viwili, kimoja changu, kimoja cha Sekela. Tulishona mchana, jioni tukaenda mazoezi ya kwaya, tukarudi kupika. Chumba chetu kilikuwa cha uani, dirisha dogo likitazama mparachichi, vitanda viwili vya futi tatu, na katikati yake nafasi ya kutosha beseni na jiko la mkaa wakati wa baridi. Nyumba haikuwa na dari. Mtu akikohoa sebuleni, sisi tulimwombea afya tukiwa chumbani. Kioo kilikuwa kimoja, kimepasuka kona, kimetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na mbele ya kioo hicho ndipo urafiki wetu ulipoanzia, kwa sababu sote wawili tulikuwa na chunusi, na tulikuwa nazo sawasawa.

Sisemi vile vipele viwili vitatu vya kila msichana. Nasema mashavu yote, kidevu, hadi shingoni, vyekundu, vya usaha, vingine vigumu kama punje za mahindi chini ya ngozi, ambavyo ukilalia upande ule unaamka. Tulijaribu kila kitu tulichoambiwa. Limau lilituchoma. Dawa ya meno ilikauka ikatufanya tuonekane tumepakwa chokaa. Tulijifukiza kwa majani ya mpera tukiwa tumejifunika blanketi moja, tukicheka hadi maji yakamwagika. Kwenye kwaya tulisimama safu ya nyuma bila kuambiwa. Nikimwona Sekela anajitazama kwenye kioo nilijua anachokiona, naye alijua ninachokiona mimi, na hilo lilikuwa faraja kubwa kuliko dawa yoyote. Jioni tulikula ndizi na maharage kwenye sahani moja, na maziwa mgando kama yalikuwepo, na hakuna kati yetu aliyekuwa na kitu ambacho mwenzake hana.

Isipokuwa sauti. Mungu alinipa sauti, na Mwalimu Ambokile aliijua. Mwanzoni mwa mwaka ule kwaya ilikwenda Mbeya kurekodi kanda, na ule wimbo alioutunga mwenyewe, tuliokuwa tukiuita wimbo wa ukungu, alinipa mimi beti zote tatu niimbe peke yangu, wenzangu waitikie. Chumba cha kurekodia kilikuwa na magodoro ukutani, na joto. Nilifumba macho nikaimba. Kanda ilipotoka, Mama Zuhura, ambaye ni Mwislamu na hakuwahi kuingia kanisani kwetu, aliipiga dukani siku nzima akiwaambia wateja, "Huyo anayeimba hapo ni binti yangu, yuko hapo nje anashona." Nilikuwa nikiinamisha kichwa juu ya cherehani na kusikiliza. Kwenye kanda hakuna mwenye chunusi.

Masika yalipoanza tukasikia kwamba kuna daktari wa ngozi anayekuja mara moja moja hospitali ya wilaya ya jirani. Sekela akasema twende. Mimi nilikuwa na nguo za harusi ya watu, siwezi kuziacha, nikamwambia nitakwenda akija tena. Alirudi jioni amelowa, ana kijitubu kidogo cha dawa ya kupaka, nusu ya kidole. Alikaa kitandani akanieleza kila neno la daktari. Dawa inapakwa jioni tu, uso ukiwa umekauka kabisa. Kidogo, punje ya njegere kwa uso mzima. Jua likwepwe, atembee na kofia au mwavuli. Akipata mimba aache mara moja. "Na amesema itazidi kwanza," aliniambia. "Wiki nyingi. Itatoa vilivyojificha ndani, ngozi itabanduka, nisiogope, nisiache."

Kweli ilizidi. Uso wake ukawa mwekundu, ukabanduka puani na pembeni mwa mdomo kama kiazi kilichochemshwa, na vipele vikatoka mahali ambapo havikuwahi kuwepo. Mama Zuhura alituita sebuleni akafunga mlango. "Nyie wanangu," alisema, "mimi nimekwishaona wanawake walioharibiwa na mkorogo. Msinichubuliane ndani ya nyumba yangu." Sekela akamwonyesha cheti cha daktari, akamweleza kwamba hii haibadilishi rangi. Mama Zuhura alikishika cheti kwa muda mrefu, akamrudishia, akasema tu, "Haya, tutaona." Wateja walikuwa wakimwepuka Sekela. Walinijia mimi kupimwa, wakamwonea huruma kwa kunong'ona. Kwa majuma yale mimi ndiye niliyekuwa mzuri kati yetu wawili. Nilimpikia uji, nilimtetea kwa watu, nilimwambia avumilie, na ndani yangu kulikuwa na furaha ndogo, ya joto, kama ya mtu aliyeketi upande wa jiko.

Baridi ya Juni ilipoingia, ile ya ukungu unaokaa hadi saa nne asubuhi, uso wa Sekela ulianza kutakata. Haukutakata kwa siku moja. Kidevu kwanza. Kisha shavu la kushoto, lile la upande wa kitanda changu. Nilikuwa nikiamka kabla yake, na mwanga ulipoanza kupita dirishani nilimtazama akiwa amelala, nikitafuta hata kimoja. Siku moja nilikiona, karibu na sikio, nikashinda na moyo mwepesi, na siku mbili baadaye hakikuwepo. Aliacha kusimama mbele ya kioo. Alipita tu, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka. Nilibaki mimi na kile kioo. Wanaume wenye magari ya kubeba chai walianza kusimama dukani kununua vitu ambavyo hawavihitaji. Wateja wakahama cherehani. Hata Mama Zuhura, ambaye alinipenda, siku moja alimwambia jirani sebuleni, na nyumba isiyo na dari ikanifikishia, "Yule Sekela kumbe ni mzuri hivi. Alikuwa amefunikwa tu." Nilijiuliza kama mimi nami nimefunikwa, au ndivyo nilivyo.

Daktari aliporudi nilikuwa wa kwanza kwenye benchi. Alinipa dawa ile ile, masharti yale yale. Sekela alinifundisha kupaka kama anayefundisha mtoto kuandika. "Usiongeze," alisema. "Ukipaka nyingi haiendi haraka, inakuchoma tu." Alinishonea kofia pana ya kitenge. Nilifuata kila kitu. Na mwili wangu nao ukafuata njia ile ile, ukazidi kwanza. Kwa hiyo Agosti, wakati yeye alikuwa amekwishatoka upande wa pili, mimi ndiyo kwanza nilikuwa katikati ya mto. Ni dawa moja, tofauti ni kwamba mwenzangu alianza kabla yangu. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko linavyostahili. Kama wale maharusi niliowashonea wangeoana mwezi mwingine, labda kila kitu kingekuwa vingine.

Kwa maana Agosti hiyo ndipo kwaya ilipoamua kutengeneza video. Nililisikia nikiwa naosha vikombe nyuma ya ofisi ya kanisa, baada ya kikao. Dirisha lilikuwa wazi. Katibu wa kwaya alikuwa akisema kwamba mpiga picha kutoka Mbeya ametazama kwaya yetu na ana ushauri. "Mwalimu, sauti ni ya Tumpe, hakuna anayebisha. Lakini kamera inasogea karibu. Itaonyesha kila kitu." Kisha nikasikia sauti ya Mwalimu Ambokile, imechoka. "Sekela anayajua maneno. Afungue mdomo tu, sauti si ipo kwenye kanda." Niliendelea kuosha. Nilivisuuza vikombe vyote, nikavifunika kwa kitambaa, nikaenda nyumbani. Sekela alikuwa amekwishaambiwa. Alikuwa amekaa kitandani na mikono katikati ya magoti. "Nimewaambia wasubiri miezi miwili uso wako upone," alisema. "Wamesema mpiga picha amekwishapangiwa siku. Ukisema nisifanye, sifanyi." Nilimwambia afanye. Ningesema nini? Kesho yake Mwalimu alinisimamisha njiani, akavua kofia yake, akaniambia, "Tumpe mwanangu, wimbo ni wa Mungu, si wa uso." Nikamjibu, "Kama si wa uso, Mwalimu, mbona mnautafutia uso?" Alivaa kofia yake polepole, akapita. Hakuwahi kuwa mtu mbaya. Nilimpenda, na wiki hii nimemlilia kwa haki kabisa.

Walipigia picha kwenye shamba la chai, mlima Rungwe ukionekana nyuma. Ukungu ulikuwa umefunguka na jua la milimani likatoka, lile linalochoma bila joto. Mimi nilipewa nafasi ya mwisho mwisho, nimevaa kofia yangu, kisha mpiga picha akasema kofia inaharibu sare, nikakaa pembeni na mizigo. Sekela alisimama peke yake katikati ya mistari ya chai kwa kitenge cha buluu nilichomshonea mimi. Redio ikapigwa, sauti yangu ikatoka, naye akafungua mdomo. Nilikuwa nimetegemea akosee. Hakukosea. Tuliishi chumba kimoja, alinisikia nikifanya mazoezi ya wimbo ule nikifua, nikisonga ugali, nikichana nywele. Alijua mahali ninapovuta pumzi. Alivuta pumzi pale pale. Wapita njia walisimama kumtazama, mwanamke mmoja akafuta machozi kwa kanga, na nilitaka kumwambia mwanamke yule ageuze kichwa kidogo tu, kulia kwake, kwenye mizigo.

Video ilipotoka tuliitazama sebuleni kwa Mama Zuhura, majirani wamejaa hadi mlangoni. Mama Zuhura alianza kusema, "Lakini hii sauti," akanitazama, akaenda kuleta chai. Kuanzia hapo kila duka lenye televisheni lilikuwa na Sekela ndani. Watoto walimwimbia barabarani. Yeye kila aliposifiwa alisema, "Anayeimba ni Tumpe," na watu walicheka wakidhani ni unyenyekevu, wakampenda zaidi. Ningependa angesema uongo. Angesema uongo mara moja tu, ningepata haki yangu ya kumchukia, na moyo ungepumzika. Lakini alikuwa mkweli, hivyo nikabaki namwonea wivu na ukweli wake pia.

Mvua za vuli zilipokaribia, alikuja bwana mmoja kutoka Mbeya, Festo, mwenye chumba chake cha kurekodia muziki. Tulikuwa barazani tunashona. Alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani cha Sekela, akamwambia ametazama video, anataka kumrekodi peke yake, kanda nzima, na picha zake. Sekela aliondoa mguu kwenye pedeli. "Mimi siimbi, kaka," alisema. "Nimefungua mdomo tu. Mwimbaji ni huyu hapa." Yule bwana akageuka. Uso wangu ulikuwa umeanza kutulia, lakini ulikuwa bado na madoa na ngozi iliyokauka. Alinitazama kama mtu aliyeelekezwa mlango usio wake. Mama Zuhura akatukaribisha sebuleni, akatenga chai na magimbi, akasema, "Mwimbie, mwanangu." Nikaimba ubeti wa kwanza. Festo alifumba macho, na kwa muda ule wote alipokuwa amefumba macho niliona kwenye uso wake kile ambacho watu walikuwa wakimpa Sekela. Nilipomaliza aliyafumbua, akatazama kikombe.

"Sauti ipo," alisema. "Ipo sana. Basi tufanye hivi, dada. Kwenye kanda uimbe wewe, kwenye picha akae huyu. Watu wamekwishamzoea."

Sekela alinitazama, na nilijua nikisema ndiyo atakubali, nikisema hapana atakubali. Nilisema sitaki.

"Fikiria kwanza," Mama Zuhura alisema.

"Nimefikiria tangu Agosti, Mama."

Bwana Festo alimaliza chai yake, akashukuru, akaondoka. Hakurudi, na sikusikia tena kwamba amemtafuta mwimbaji mwingine upande wetu. Jioni ile Sekela alikuwa akikoroga maharage bila kunitazama. "Ungekubali," alisema. "Mimi ningefungua mdomo tu. Jina lingekuwa lako." Nilimuuliza, "Jina hilo wangelibandika kwenye uso gani?" Tulikula. Nakumbuka alinisogezea upande wenye mchuzi mwingi, kama alivyofanya siku zote, na nikala, kwa kuwa nilikuwa na njaa.

Mwezi uliofuata alichumbiwa. Mwanamume huyo, karani wa Dodoma, alimwona kwenye video kwa ndugu zake akauliza msichana huyu ni wa wapi. Sekela alimweleza siku ya kwanza kabisa kwamba sauti si yake. Akajibiwa kwamba yeye hakumpenda kwa masikio. Sekela alinisimulia hayo akicheka, mimi nikimpima gauni la kuagwa, pini zikiwa mdomoni mwangu, jambo lililonisaidia nisilazimike kusema chochote. Nililishona vizuri gauni lile. Aliondoka asubuhi ya mvua, akaniachia kioo na kitanda chake, na kijitubu cha dawa ambacho hakijafunguliwa. Nilirudi chumbani nikakaa katikati ya vitanda viwili, na sikujua ninacholilia, kwamba ameondoka au kwamba amekwenda na kila kitu.

Uso wangu ulitakata Desemba. Kidevu kwanza, kama wake, kisha mashavu. Hakukuwa na mtu wa kuamka kabla yangu na kunitafutia kipele. Kwaya ilipungukiwa watu, Mwalimu Ambokile akanirudisha safu ya mbele, na Krismasi tulialikwa kuimba kwenye kanisa dogo la huko huko Lufingo. Nilivaa sare mpya. Niliimba wimbo wa ukungu, beti zote tatu, mdomo ni wangu, uso ni wangu, watu wote wakinitazama mimi, na sidhani kama niliwahi kuimba vizuri vile kabla wala baada. Ibada ilipokwisha bibi mmoja alinijia pale nje, mdogo, amejifunga shuka la baridi juu ya kitenge. Alinishika shavu kwa kiganja chake kikavu. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima mtu anishike shavu vile. Akasema, kwa Kiswahili cha wazee wa kwetu ambao hawaisumbui herufi ya ere, "Mwanangu, umeimba vizuli. Bado kidogo tu umfikie yule binti wa kwenye video."

Nikamwambia, "Ndaga fijo, bibi." Nilimshukuru hivyo kwa lugha yake, na sikumsahihisha.